Shina la Aikaruwa

Siku tulipopewa barua, sisi wanawake thelathini na wawili
wa meza za kuchambulia kahawa,
Aikaruwa hakulia. Alifungua mkoba,
akatoa kitu kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia, kina udongo.
"Shika. Kwangu limejaa mno."
Nilidhani ni magimbi.

Nikalipanda nyuma ya jiko, huku Pasua,
karibu na yanakopita maji ya kuoshea vyombo,
na mwaka mzima likanipa majani.
Majani tu, marefu, yamelala huku na huku
kama nywele za mtu aliyeamka na homa.
Eliamani, mume wangu, akasimama na jembe begani:
"Hili linaliwa?"
Haliliwi.
"Linauzwa?"
Sijui.
"Basi hapo pangekaa mchicha."
Mwaka wa pili, majani. Mchicha wake
akaupanda kulizunguka, kama mashahidi.

Nilijifunza peke yangu, kwa kukosea.
Kumbe nilikuwa nimelizika hadi shingoni.
Nikalifukua, nikalikalisha juujuu,
mizizi imetanuliwa chini kama vidole,
shingo ipumue.
Samadi ya mbuzi iliyokwisha kupoa.
Majivu pembeni kwa ajili ya konokono,
tena na tena, maana mvua huyafuta
na konokono hasahau njia.
Kiangazi, kopo moja jioni, basi:
maji mengi ni mapenzi ya mtu asiyesikiliza.

Mwaka wa tatu, vuli, nikatoka kuwasha moto
na njano ilikuwa imesimama juu ya bua,
kabla ya jua, kabla ya jogoo wa jirani.
Sikumwita mtu. Moto ulisubiri.
Kufika jioni lilikuwa limejikunja, limelowa,
kama leso iliyofuta jasho la safari.
Nikajua nimeliua.
Kesho yake lingine, kando yake, bichi kabisa,
halina habari ya jana.

Ndipo vidole vyangu vikakumbuka kazi.
Miaka kumi na tisa vilichambua:
nzima huku, mbovu huku, iliyotobolewa na mdudu huku,
macho yakiwa dirishani.
Sasa kila asubuhi kabla ya chai
vinapita, vinachuma la jana,
vinaacha la leo.
Hakuna mizani. Hakuna msimamizi,
isipokuwa Eliamani, anayesimama hapo na kikombe
akidai anaangalia kama mvua itanyesha.

Mwaka wa sita maua yakaadimika.
Niliongeza samadi. Nililigombeza.
Hadi nikasikia tena: limejaa mno.
Mashina yalikuwa yamebanana, wapangaji wa chumba kimoja,
kila mmoja kashikilia ukuta.
Nikang'oa lote, nikaliosha kwenye beseni,
nikaleta kisu cha kumenyea ndizi,
na mkono ukakataa.
Eliamani ndiye aliyeshika upande wa pili.
Pigo la kwanza lilitoa sauti ya muwa.

Vipande saba. Kimoja kikarudi pale pale.
Kimoja kwa Ndekirwa, mshonaji,
kimoja zahanati, karibu na bomba,
na kimoja mbuzi alikila, sitasema wa nani.

Juzi geti likagongwa kwa fimbo.
Aikaruwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.
Barabara imepanuliwa hadi kizingitini kwake;
greda lilipita na bustani yote asubuhi moja.
"Nimesikia kwako lipo."
Tulikunywa chai. Kiwanda hatukukitaja.
Nikamchimbia pande kubwa, nikalifunga kwa gunia,
naye akalipima kiganjani, kwa mazoea,
akafunua, akachungulia,
akachomoa mzizi mmoja uliooza,
akautupa huku.

"Usilizike shingo," nikamwambia.
Akanitazama, akanitazama.
"Ndicho nilichosahau kukwambia," akasema,
"siku ile."